Kaka, Ulikufa Asubuhi ya Kusitishwa Vita

Kaka Mwadime,

Vita vilisitishwa. Naanza na hilo kwa sababu hukulisikia. Ilikuwa Jumamosi, saa moja asubuhi hivi kwa saa za hapa Minnesota. India na Pakistani walikubali kuacha kurushiana makombora, watangazaji wakapumua, na wewe ulikuwa umekaa mbele ya televisheni kwenye kiti chako, umekufa.

Nimekaa miezi mingi bila kukuandikia. Mchungaji alinishauri niandike, akasema barua itanipunguzia uzito. Sitaki kupunguziwa. Naandika kwa sababu kuna maneno niliyokuambia Jumatano ya juma lile, na hukumwambia mtu. Ulikuwa na siku tatu za kunishtaki kwa Mama kwa simu, kama ulivyonishtaki nilipokuwa mtoto nikilamba sukari. Safari hii hukunishtaki. Ukaniachia.

Kanisani bado wanakuita Mwalimu. Wanakumbuka kwamba ulifundisha fizikia miaka ishirini kule kwetu Wundanyi, na kwamba ulipokuja kukaa nasi Burnsville ulifanya kazi ya kufua mashuka kwenye nyumba ya wazee bila kulalamika, mpaka figo zikakataa. Wanakumbuka ulivyokuwa ukisahihisha Kiswahili cha matangazo ya ibada. Hawajui ulivyokuwa mtu mgumu wa kukaa naye. Mimi najua. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa miaka mitatu, nilikutoa Burnsville kukupeleka Hopkins kwenye kliniki ya figo, kwa sababu huko ndiko walikokuwa na kiti. Nilikuwa natoka shifti ya usiku ya kuwahudumia wazee, naku-drive, nalala ndani ya gari kwenye maegesho saa nne nzima huku mashine inakusafisha damu, kisha nakurudisha. Wakati wa baridi niliacha injini inanguruma nisigande. Hukuwahi kusema asante. Ulikuwa ukisema, "Leo umechelewa kona ya mwisho."

Hayo siyo niliyotaka kusema. Hayo ni visingizio. Nimeanza navyo kwa sababu mimi ni mwoga.

Vita vilianza Jumanne. Wewe ulikuwa umevisubiri tangu watu walipouawa Kashmiri. Ulikuwa na daftari lako, unaandika nani kasema nini, nani kafunga mpaka, nani kafukuza mabalozi wa nani. Jioni ile habari zilipokuja kwamba India imepiga ndani ya Pakistani, nilikuwa nafunga viatu vya kazi. Mwanangu Zawadi alikuwa mezani na hesabu zake. Ukachukua bahasha ya bili, ukaigeuza, ukachora nchi mbili kama mayai mawili yaliyogusana.

"Watu wanadhani hatari ni mwendawazimu mmoja kubonyeza kitufe," ukasema. "Sivyo. Hatari ni watu wawili wenye akili timamu, kila mmoja akiamini mwenzake yuko karibu kupiga."

Ukatueleza kama tuko kidato cha tatu. Huyu anapiga kambi. Yule lazima ajibu, la sivyo watu wake watamwita mwanamke, samahani, ndivyo ulivyosema, na Zawadi akakukodolea macho. Huyu naye anapanda, anapiga uwanja wa ndege. Sasa yule hajui kama uwanja umepigwa kwa hasira tu, au umepigwa ili apofushwe kabla ya pigo kubwa, la nyuklia. Akingoja ajue, huenda asiwe na chochote cha kujibia. Na hizi ni nchi jirani, kombora halisafiri mbali.

"Atakuwa na dakika chache za kuamua," ukasema. "Chache, Wakesho. Hata chai haijachemka."

Zawadi akauliza, kwa Kiingereza chake, kama hayo yangefika hapa. Ningekuwa wewe ningemdanganya. Wewe ukamwambia ukweli wote, taratibu, kwamba miji ikiungua moshi unapanda juu kuliko mawingu, mahali ambapo hakuna mvua ya kuuosha, jua linafifia miaka kadhaa, na mahindi ya Bibi yake kule Wundanyi yatatoa majani bila kubeba. "Watakaokufa kwa njaa hawatakuwa wameisikia hata sauti ya bomu," ukamwambia. Msichana wa miaka kumi na mitano. Aliweka kalamu chini.

Nikakwambia, "Mwalimu, mtoto ana mtihani kesho."

Ukajibu, "Mimi namfundisha."

Nikaenda kazini nimekasirika. Usiku huo mzee mmoja alinitemea uji usoni na mwingine akaanguka bafuni, na kila nilipopita sebuleni kwao televisheni ilikuwa inaonyesha moto uleule. Niliporudi, saa moja na nusu, nilikukuta umevaa pajama. Daftari pajani. Begi lako la kliniki, ambalo ulikuwa ukilifunga tangu saa kumi na moja, lilikuwa limelala tupu.

"Leo siendi," ukasema.

Nilidhani unaumwa. Nikakugusa paji la uso. Ukautoa mkono wangu.

"Kama mambo yanakwenda ninavyoona, tuna siku nne, tano," ukasema. "Siwezi kuzimalizia nimefungwa kwenye mashine."

Kaka, ninayajua maneno niliyosema. Nimeyarudia mara nyingi hadi hayana ladha. Nilisimama mlangoni na funguo mkononi, na nikasema:

"Basi iishe nawe! Mimi nimechoka kukubeba kwenda kuoshwa damu kama gari la kupelekwa car wash. Kama dunia inaisha, heri iishe leo, angalau nitalala."

Sikupiga kelele. Ingekuwa kelele ningejitetea kwamba ni hasira. Niliyasema kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayeomba chumvi.

Ulinitazama. Nilingoja unirudishie, maana ulimi wako ulikuwa mkali kuliko wangu. Ukasema tu, "Umesema kweli. Kalale."

Nikaenda nikalala. Kaka, nililala vizuri. Nililala kama sijalala miaka mitatu. Simu ililia nikaona ni namba ya kliniki, nikaizima, nikageukia ukuta. Mimi ndiye ninayewaambia wasaidizi wapya kazini kwamba mgonjwa wa figo hakosi kiti, hata mara moja, hata kukiwa na theluji ya kufika kiunoni. Mimi ndiye ninayejua kinachotokea moyoni. Niligeukia ukuta.

Alhamisi Zawadi alipotoka shule ulimwomba akusindikize dukani. Mlinunua vitu vyote ulivyokatazwa: ndizi, avokado, machungwa, nyanya za kopo, maharagwe. Alifurahi. Alidhani umepata nafuu, maana hakuwahi kukuona na hamu ya chakula. Mkapika maharagwe kwa nazi. Ukamsimulia ulivyowahi kukimbizwa na nyuki siku ya ukaguzi wa shule, mkaguzi naye akakimbia, mkajificha pamoja chooni. Niliamka jioni nikawasikia mnacheka. Niliziona sufuria. Nililiona ganda la ndizi na ganda la avokado. Mimi, Kaka, niliyebandika orodha ya vyakula vyako kwenye friji. Nilipita, nikachukua chai, nikaenda kazini. Nilijiambia, wacha ajifunze. Ijumaa jioni akiwa hoi atanisihi nimpeleke, na mimi nitamwacha asihi kwanza.

Nilitaka unisihi. Sasa unajua.

Ijumaa sikukuuliza chochote. Kliniki ilipiga tena. Kwenye habari walisema droni zimefika miji mikubwa, watu wamezima taa. Ulikuwa umevimba miguu na ulikuwa unapumua kwa mdomo, na bado ulikuwa unaandika kwenye daftari. Nilipopita ulisema, bila kuniangalia, "Wamefika kwenye viwanja vya ndege, au watafika kesho."

Walifika. Jumamosi alfajiri kwa saa zetu wote wawili walikuwa wamepiga viwanja vya ndege. Ikasemekana wakubwa wanaosimamia mabomu yale wameitwa kikao, kisha ikasemekana hawajaitwa. Ilikuwa hatua kwa hatua kama ulivyochora kwenye bahasha. Sijui kama uliliona hilo, kwamba ulikuwa sahihi. Natumaini uliliona. Halafu natumaini hukuliona.

Nilikuwa kazini nawalisha wazee uji wa asubuhi ndipo ikatangazwa kwamba mapigano yamesitishwa. Bibi mmoja, ambaye hakumbuki hata jina lake, akapiga makofi. Nami nikacheka. Nikatoka hadi kwenye korido nikakupigia, nikiwa nimeshapanga maneno ya kukudhihaki: Mwalimu, dunia imekataa kuisha, vaa viatu. Simu ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Ikaita. Nikapiga ya tatu.

Mara ile ya tatu, Zawadi alikuwa amekushika mabega anakutikisa. Simu ilikuwa inatetema mfukoni mwa pajama yako, juu ya paja ambalo lilikuwa limeanza kupoa, na kioo kinaonyesha jina langu.

Hospitalini daktari alikuwa kijana mpole. Aliuliza ulikosa kliniki mara ngapi. Nikasema mbili. Akauliza ulikula nini. Kabla sijafungua mdomo Zawadi akajibu, kwa uaminifu, kimoja baada ya kingine, ndizi, avokado, machungwa, nyanya, maharagwe. Daktari akaeleza kwamba damu isiposafishwa potasiamu hujaa, na vyakula vile vina potasiamu nyingi, na moyo husimama. Akasema huenda hukusikia maumivu. Zawadi akanigeukia. Ungeuona uso wake, Kaka. Alikuwa ananiangalia ili nimwambie kitu.

Nikamwuliza, mbele ya daktari, "Ulimpa ndizi ngapi?"

Hilo ndilo nililomwambia mwanangu. Nilikuwa na sekunde moja ya kuamua nani abebe lawama, na nikaamua upesi sana. Wewe ulisema watu wenye akili timamu wakiogopa hupiga kwanza. Hukuhitaji kwenda Kashmiri kutafuta mfano.

Akasema, "Sita." Tangu siku ile hali ndizi. Hapiki. Alikuwa anajifunza kusonga ugali na wewe, ameacha. Nilimwona mara nyingi akisoma kuhusu potasiamu kwenye simu, anajumlisha. Ningeweza kumwokoa kwa sentensi moja. Nilikuwa naye kwenye gari, kanisani, mezani, na sentensi ile niliimeza kila siku pamoja na mate.

Tulikusafirisha nyumbani. Mahindi ya Mama yalikuwa mabichi, yamefika kifuani, yamelowa mvua. Mhubiri alihubiri juu ya vita vya kiroho, mimi nikaangalia chini. Mama hakulia kwa sauti. Alinishika kiwiko akaniuliza jambo moja tu kwa Kitaita: je, ulipokufa ulikuwa peke yako? Nikasema hapana Mama, nilikuwa naye. Akanishukuru. Mama alinishukuru, Kaka, akanibariki kwa kunishika kichwa, kwamba nimekutunza miaka yote ile ugenini. Watu wakajipanga mstari kunipa mkono.

Niliporudi huku nilikwenda Hopkins kuchukua blanketi lako na radio. Yule rafiki yako wa kiti cha pili alikuwepo, Bwana Rashid, aliyekuwa dereva wa teksi, Mpakistani uliyekuwa ukibishana naye kuhusu kriketi ambayo wewe hukuijua. Mashine ilikuwa inazunguka. Alikuwa ameshasikia. Akanionyesha kwa mkono usio na sindano nikae.

Akaniambia kwamba Jumatatu, kabla vita havijaanza, ulimweleza kila kitu kitakavyokwenda. Ulimsikitikia. Ulimwambia aache kuja, akae nyumbani karibu na simu, maana binti yake yuko Lahore. Jumatano alikuja. Ijumaa alikuja, droni zikiwa juu ya Lahore, binti yake akiwa chini ya ngazi na watoto wawili. Alikaa kwenye kiti kile saa nne nzima na simu sikioni.

Nikamwuliza aliwezaje.

"Binti yangu alinifokea," akasema. "Aliniambia, Baba, nenda kwenye mashine yako, mimi siwezi kuogopea mabomu na wewe pia."

Halafu akaangalia kiti chako, ambacho tayari mwanamke fulani alikuwa amekilalia. Akasema, si kwa ubaya, alikuwa anashangaa tu: "Vita vilikuwa vyetu. Sisi wote tuko hai. Amekufa yeye."

Nilimwitikia kwa kichwa. Nikabeba blanketi. Nilipofika kwenye gari nikagundua kwamba binti yule aliyekuwa chini ya ngazi na mimi niliyekuwa mlangoni tulisema karibu neno lilelile. Wote wawili tulikuambieni kwamba mmetuchosha. Lake lilimpeleka baba yake kwenye mashine.

Nimejiuliza kama ulikuwa umechoka tu, ukatumia vita kama mlango. Miaka mitatu ya sindano ingemchosha mtu yeyote. Nilipenda sana wazo hilo, lilinifaa. Kisha nikafungua daftari lako. Ukurasa wa Jumatano hauna habari za vita. Umeandika tarehe, na chini yake, kwa mwandiko wako wa ubaoni: "W. amechoka. Ana haki." Basi. Ukurasa wa Alhamisi unaanza tena na droni.

Wasomi kwenye televisheni bado wanabishana nchi zile zilikaribia kiasi gani. Mmoja anasema tuliponea chupuchupu, mwingine anasema hakukuwa na hatari yoyote. Na sasa vita vimewaka upande mwingine, Mashariki ya Kati, na neno nyuklia linatajwa asubuhi na jioni katikati ya matangazo ya matairi. Wenzangu kazini hawasikilizi. Mimi nasikiliza. Juzi, wakati wa mapumziko, nilijikuta nawachorea mayai mawili kwenye kitambaa cha karatasi, nawaeleza habari ya dakika chache. Mmoja wao, Mkongo aliyekimbia vita vya kwao Kivu, aliniangalia akasema, "Dada, nani amekutisha hivi?" Nikakikunja kile kitambaa nikakitia mfukoni.

Jumapili iliyopita nilimwambia Zawadi. Tulikuwa tumetoka ibadani, nimeegesha nje ya duka, mvua inanyesha. Nilishika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limezimwa. Nikamwambia si ndizi. Nikamwambia kwamba Jumatano ile, yeye akiwa ameshatoka kwenda kupanda basi la shule, nilimwambia Anko maneno fulani. Nikayasema yote, mpaka yale ya gari, mpaka yale ya kulala.

Alikuwa anaangalia mvua. Alijibu kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo, na sitayaandika kwa lugha ile kwa sababu wewe ulitaka tuzungumze naye Kiswahili. Alisema hakuwa ameshatoka. Alikuwa bafuni anapiga mswaki. Alisikia kila neno, na alisikia ulivyojibu. Alisema Alhamisi alikununulia vyote ulivyoomba kwa sababu alidhani mtu katika nyumba ile anapaswa kukutendea wema. Na alisema kwamba tangu hospitali amekuwa akingoja aone kama nitasema.

Nikamwuliza, "Kama nisingesema?"

"Ningeondoka nikifika kumi na minane," akasema. Hilo alilisema kwa Kiswahili. Kiswahili kizuri kabisa, Kaka, ungejivunia.

Hakulia, wala hakunikumbatia. Alisema kuna mtu mmoja bado hajui, na kwamba ana haki kuliko wote. Nilimwelewa. Nikamwambia Bibi ni mzee, moyo wake hautaweza. Akanigeukia, akanitazama kama ulivyonitazama wewe.

Kwa hiyo Jumamosi hii nitampigia Mama. Zawadi atakaa kando yangu na spika itakuwa wazi. Nitamwambia kwa Kitaita, lugha ambayo haina mahali pa kujificha kwangu, kwamba hukuwa na mtu, na kwa nini. Nakuahidi sitapunguza neno. Sitalia kabla sijamaliza, ili asije akaanza kunibembeleza.

Kwako sitaomba msamaha, Kaka. Ni rahisi mno kumwomba marehemu, hana namna ya kukataa. Nitauomba kwa Mama, anayeweza kuninyima.

Kwaheri, Mwalimu.

Ni mimi, Wakesho.